Milioni moja kabla ya bumu: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Dar es Salaam

Kisa hiki kinamhusu binti wa Mbagala Charambe aliyechaguliwa kujiunga na chuo cha umma kilichoko katikati ya jiji la Dar es Salaam, kusomea shahada ya miaka mitatu ya mambo ya biashara. Jina lake, la chuo na la ndugu zake sitayataja. Familia iliniomba nikae nao kwenye hesabu kwa sababu niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya uhasibu ya chuo kingine, na kwa hiyo nilikuwa nimewaona wanafunzi wa aina yake nikiwa upande wa pili wa dirisha la malipo. Nimeona kisa chake kinafaa kuchambuliwa kwa kuwa hakina ajabu yoyote: hakukuwa na utapeli wala uzembe mkubwa, na binti alipata mkopo wa Serikali. Hata hivyo, wiki mbili kabla ya usajili alikuwa karibu kabisa kuikosa nafasi yake.

Mama yake anauza chakula karibu na kituo cha Rangi Tatu. Baba alifariki kijijini kwao wilayani Kilwa wakati binti akiwa shule ya msingi, akazikwa huko huko, na hakuna aliyefikiria kufuatilia cheti cha kifo kwa kuwa hakuacha nyumba, akiba benki wala mafao ambayo yangemlazimisha mtu kukitafuta. Yupo mdogo wake wa kiume anayesoma sekondari. Binti mwenyewe alisoma chini ya mpango wa elimu bila ada, ulioanza 2016 kwa shule za msingi hadi kidato cha nne na kufikishwa kidato cha tano na sita katika mwaka wa fedha 2022/23. Michango midogo, sare na madaftari havikukosekana, lakini kwa miaka yote ya sekondari familia hii haikuwahi kudaiwa ada. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Nyumba ambayo haijawahi kulipa ada haina sababu ya kujiwekea akiba ya ada, na barua ya kwanza ya malipo inapofika huwa imebaki miezi, wakati mwingine wiki, kabla ya chuo kufunguliwa.

Fomu iliyojazwa mbio

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Mwombaji huambatisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki huambatisha pia cheti cha kifo kilichohakikiwa vivyo hivyo. Fomu huchapishwa, husainiwa na mdhamini na kiongozi wa serikali ya mtaa, hupitishwa kwa wakili au hakimu, kisha hurudishwa kwenye mfumo. Si kazi ngumu kwa mtu mwenye wiki mbili za utulivu. Binti huyu hakuwa nazo. Baada ya mtihani wa kidato cha sita alikwenda kambini kwa mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na aliporudi dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa.

Fomu yake ilijazwa kwenye duka la steshenari, kukiwa na foleni ya vijana wengine nyuma yake. Cheti cha kuzaliwa kilikuwapo. Cha kifo hakikuwapo. Mhudumu wa duka, ambaye naamini alitaka tu kumsaidia, alimshauri aache sehemu ya uyatima ili fomu isikwame, na kwa namna hiyo maombi yakaenda yakionyesha mwombaji mwenye wazazi wawili. Mfumo hauwezi kuujua msiba ambao haukuandikwa popote.

Majibu yalipotoka alikuwa amepangiwa fedha zote za chakula na malazi, ambazo tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, pamoja na shilingi 200,000 za vitabu na vifaa kwa mwaka. Upande wa ada alipangiwa shilingi 400,000. Ada ya kozi yake ni shilingi 1,300,000. Nyumbani walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa kwa hesabu ya mwaka wenye siku 240 za masomo jumla ya mkopo wote inafika shilingi 3,000,000. Mama hajawahi kuishika fedha kama hiyo kwa mara moja. Tatizo ni kwamba na binti naye hatoishika kwa mara moja.

Hesabu ya siku ya usajili

Maelekezo ya kujiunga yaliyotoka chuoni yalimtaka kila mwanafunzi alipe nusu ya ada siku ya usajili, yaani shilingi 650,000. Kulikuwa na bima ya afya ya NHIF, shilingi 50,400, mchango wa udhibiti ubora wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), shilingi 20,000, na malipo madogo ya kitambulisho na umoja wa wanafunzi yaliyofikia shilingi 35,000. Chuo hakina mabweni ya kutosha, hivyo alitakiwa kujitafutia chumba. Chumba cha kawaida alichokiona Mabibo kilikuwa shilingi 70,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali akitaka ya mwezi mmoja. Hapo pekee zinahitajika shilingi 490,000. Ukijumlisha vyote unapata shilingi 1,245,400 kabla hajala mlo hata mmoja wala kupanda daladala.

Familia ilikuwa na shilingi 280,000, sehemu kutoka kwa mjomba na sehemu akiba ya mama.

Bumu, kama wanafunzi wanavyoziita fedha za kujikimu, huingia kwa awamu, kila awamu ikiwa ya takribani siku sitini, yaani shilingi 600,000. Lakini haimfikii mtu ambaye hajasajiliwa, kwa kuwa chuo lazima kwanza kithibitishe kwamba mwanafunzi yupo. Usajili nao ulikuwa unasubiri nusu ya ada. Kwa hiyo fedha ambazo zingemwezesha kusajiliwa zilikuwa zinasubiri asajiliwe. Wahasibu wa vyuo wanalijua fundo hili, na kila chuo hulifungua kwa namna yake, mara nyingi kwa mazungumzo ya mtu mmoja mmoja dirishani. Mwanafunzi ambaye hana wa kumwambia kwamba mazungumzo hayo yapo huchukua maelekezo ya kujiunga kama yalivyoandikwa.

Mama alikuwa ameshapata suluhisho lake kabla sijaitwa: shilingi 500,000 kutoka kwa wakopeshaji wa mtaani, wale ambao watu wamewabatiza kausha damu, arudishe 650,000 ndani ya mwezi mmoja kwa dhamana ya friji na vyombo vya biashara. Nilipomuuliza angerudisha kwa fedha gani, alinijibu, “Kaka, si bumu inakuja?” Tuliiandika hesabu kwenye karatasi. Bumu ya kwanza yote, bila kununua hata sabuni, ni shilingi 600,000. Deni lingebaki na shilingi 50,000 juu, na kama bumu ingechelewa hadi mwezi wa pili, riba nyingine ya 150,000 ingekuwa imeongezeka.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki. Mkopo wa Bodi ni miongoni mwa fedha nafuu kabisa ambazo familia ya kipato cha chini inaweza kuzipata nchini. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha iliondolewa 2021, na mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mikopo ya mtaani, yenye riba ya asilimia 30 kwa mwezi, ni miongoni mwa fedha ghali kabisa. Kilichowapeleka watu wale wale kwenye fedha ghali, huku za nafuu zikiwa tayari zimepangwa kwa jina la binti yao, kilikuwa nafasi ya wiki tano au sita kati ya tarehe mbili. Mijadala yetu kuhusu unafuu wa elimu ya juu hutumia muda mwingi kwenye kiwango cha ada na idadi ya wanufaika. Kwa nyumba kama hii, tarehe ilikuwa ghali kuliko ada.

Chumba, kitanda na barabara ya Kilwa

Kabla ya kuamua lolote tulifanya hesabu ya mwaka mzima, maana upungufu wa siku ya kwanza unaweza kuficha upungufu mwingine mkubwa zaidi. Ada na malipo ya usajili ni shilingi 1,405,400. Chakula cha shilingi 5,000 kwa siku kwa siku 240 ni 1,200,000. Vitabu, nakala na vifaa tuliviachia zile 200,000 zake. Chumba, kwa kuwa kodi ni ya miezi sita sita, hulipiwa miezi kumi na miwili hata kama likizo mlango umefungwa, nayo ni shilingi 840,000, na dalali 70,000. Jumla ikawa shilingi 3,715,400 dhidi ya mkopo wa shilingi 3,000,000. Pengo ni 715,400.

Sasa ondoa chumba hicho na uweke kitanda cha bweni la umma. Mabweni yaliyojengwa na TBA, Wakala wa Majengo Tanzania, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliyofunguliwa Aprili 2017 na Rais John Magufuli yakiwa majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, yalianza kwa kiwango cha shilingi 500 kwa siku. Kwa kiwango hicho siku 240 ni shilingi 120,000. Pengo la 715,400 linatoweka na binti anabaki na shilingi 74,600. Hakuna ada iliyopunguzwa wala mkopo ulioongezwa. Kilichobadilika ni mahali pa kulala, na tofauti yake kwa mwaka, shilingi 790,000, ni zaidi ya nusu ya ada ya kozi yake. Ningeombwa kushauri fedha ya umma iwekwe wapi ili shilingi moja imfikie mwanafunzi maskini ikiwa na nguvu kubwa kuliko zote, ningesema kwenye vitanda. Najua vyuo vya katikati ya jiji havina ardhi ya Mlimani, na havitaweza kuiga mradi ule kiwanjani kwao. Lakini chuo kinaweza kupangisha nyumba nzima Kigamboni, Mabibo au Kigogo na kuwapangia wanafunzi kitanda kwa muhula, kikabeba chenyewe mzigo wa kodi ya miezi sita ambao mwanafunzi hawezi kuubeba. Upungufu wa vitanda ndio uliozaa ile desturi ya kubebana, wanafunzi wawili au watatu wakigawana nafasi ya mmoja, na vyuo vinaijua desturi hiyo vizuri tu.

Njia ya tatu ilikuwa kubaki Mbagala. Magari mawili kwenda na mawili kurudi yangemgharimu takribani shilingi 2,600 kwa siku, na kwa siku 170 za vipindi ni shilingi 442,000. Chakula kingeshuka kwa kuwa angekula nyumbani asubuhi na usiku, tukakadiria 3,000 kwa siku. Mwaka mzima ungegharimu shilingi 2,767,400, akabakiwa na 232,600. Kwenye karatasi hii ndiyo njia nafuu kuliko zote, kuliko hata bweni. Lakini karatasi haina foleni ya barabara ya Kilwa. Kipindi cha saa moja asubuhi kinamtaka aamke saa tisa na nusu usiku, na kipindi cha jioni kinamrudisha nyumbani saa tatu au zaidi, peke yake, kutoka kituoni. Mjomba alikuwa tayari kuikubali njia hii kwa miaka yote mitatu. Mama alikataa, na mimi nilikuwa upande wa mama, ingawa sababu zetu zilitofautiana: yeye aliwaza usalama, mimi niliwaza matokeo ya mitihani ya mtu anayesoma akiwa amesimama ndani ya gari.

Kuahirisha mwaka kulitajwa na kuachwa haraka, kwa sababu fedha zilizopangwa kwa mwanafunzi asiyesajiliwa hurudi Bodi, na hakuna aliyeweza kuniambia mwakani zingetoka wapi. Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23, inawalenga waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, na yeye alisoma HGE, yaani historia, jiografia na uchumi. Mikopo ya stashahada iliyoanza 2023/24 ni kwa fani maalumu za kipaumbele, na haikuwa na maana kumshusha ngazi mtu mwenye nafasi ya shahada mkononi.

Kilichofanyika

Uamuzi ulikuwa wa kuchanganya. Muhula wa kwanza angekaa nyumbani, ili ile 490,000 ya chumba iondoke kabisa kwenye hesabu ya mwanzo. Muhula wa pili angehamia karibu na chuo, akichangia chumba cha shilingi 90,000 na wenzake wawili, ambapo fungu lake kwa miezi sita, pamoja na dalali, lingekuwa shilingi 210,000.

Kisha tulikwenda chuoni. Binti aliandika barua kwa mshauri wa wanafunzi, akaambatisha majibu ya mkopo. Hoja ilikuwa fupi: katika ile 650,000 ya muhula wa kwanza, shilingi 200,000 zinaletwa moja kwa moja chuoni na Bodi, kwa hiyo anachodaiwa yeye ni 450,000. Aliomba kulipa 150,000 sasa na 300,000 bumu ikiingia. Dirishani walisita. Siwalaumu sana, kwa kuwa nimekaa kiti kile. Wapo wanafunzi wanaopokea bumu wakanunua simu, na deni la ada likasogea hadi mwaka wa tatu, huku chuo kikiwa na mishahara ya wahadhiri wa muda na bili ya umeme isiyojua habari za bumu. Lakini chuo kina kinga yake tayari: asiyemaliza kulipa hapewi namba ya mtihani. Kinga hiyo inatosha. Kumzuia mlangoni mtu ambaye sehemu ya ada yake imeshaahidiwa na Serikali ni kujilinda mara mbili, na gharama ya ulinzi huo wa pili inalipwa na mama muuza chakula kwa riba ya asilimia 30. Ombi lilikubaliwa siku ya tatu, baada ya mshauri wa wanafunzi kuingilia kati mwenyewe. Ningependa liwe kanuni iliyoandikwa kwenye maelekezo ya kujiunga, ili lisitegemee huruma ya afisa aliyeko zamu.

Siku ya usajili zilitoka shilingi 255,400. Zikabaki 24,600, ambazo ni nauli ya siku tisa. Kwa ajili ya wiki zilizobaki mama alikopa shilingi 200,000 kwenye kikoba chake, arudishe 220,000 katika miezi mitatu. Friji ilibaki jikoni.

Bumu iliingia wiki ya tano, baada ya chuo kukamilisha uhakiki wa majina. Shilingi 300,000 zilikwenda kwenye ada siku hiyo hiyo, 220,000 zikarudi kikoba kabla ya muda. Binti alibaki na 80,000 za kumfikisha awamu ya pili, pamoja na fedha za vitabu zilizoingia nazo, ambazo nusu ilikwenda kwenye nakala za notisi na nusu ikaziba nauli. Zile fedha zina kazi yake iliyoandikwa, na zilitumika kinyume kidogo cha kazi hiyo. Sijaona mwanafunzi wa hali yake anayeweza kufanya vinginevyo.

Cheti

Huku hayo yakiendelea, mjomba alisafiri hadi Kilwa. Kusajili kifo kilichopita miaka mingi kunahitaji barua ya mtendaji wa kijiji, mashahidi waliokuwapo mazishini na ofisi ya msajili wa wilaya. Nauli, chakula na ada za usajili zilimgharimu takribani shilingi 90,000, pamoja na safari ya pili kwa sababu jina la marehemu kwenye barua ya kijiji lilitofautiana kwa herufi moja na lile lililomo kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti. Cheti kilipopatikana kilipelekwa RITA kuhakikiwa, na rufaa ikaingizwa kupitia akaunti yake ya mkopo kabla ya dirisha la rufaa kufungwa.

Rufaa ilipandisha fungu la ada kutoka shilingi 400,000 hadi 700,000. Ongezeko la 300,000 kwa mwaka, kwa shahada ya miaka mitatu, ni shilingi 900,000 iwapo kiwango kitabaki hivyo, mara kumi ya gharama ya karatasi yenyewe. Katika ada ya mwaka wa kwanza, fungu la familia limekuwa 600,000, na kwa kuwa 450,000 zililipwa muhula wa kwanza, muhula wa pili unadai 150,000 tu. Bado kuna kodi ya 210,000 ya kile chumba cha watu watatu, ambayo itatoka kwenye bumu ya tatu, na mwezi huo utakuwa mgumu.

Jambo la cheti lingeweza kumalizwa mapema zaidi na kwa gharama ndogo zaidi, na si na familia peke yake. Wanafunzi wote wa kidato cha sita wako darasani Februari na Machi, wana walimu wanaowajua kwa majina, na mwalimu wa darasa anajua nani ni yatima bila kuuliza cheti. Wiki moja ya shule kukusanya namba za vyeti, kuwabaini wasio navyo na kuandika orodha kwa ofisi ya wilaya ingeokoa safari nyingi za Kilwa, Songea na Sumbawanga zinazofanywa Novemba kwa fedha ya kukopa. Baadhi ya walimu wakuu hufanya hivyo kwa hiari yao. Shule aliyosoma binti huyu haikufanya.

Mdogo wake ataingia kidato cha sita mwakani. Cheti cha kifo cha baba yao kimeshahakikiwa, nakala mbili ziko kwa mama na moja kwa mjomba, na cha kuzaliwa cha kijana kilipelekwa RITA wiki ile ile ya rufaa. Mama amefungua hesabu ya pili kwenye kikoba, anaweka shilingi 5,000 kila Jumamosi, na ameshawaambia wenzake kwamba hizo zitachukuliwa zote kwa mkupuo mwezi ambao chuo cha mwanawe kitafunguliwa.